Nyundo ya Leodgar

Jirani yangu Leodgar alistaafu kazi ya reli miaka tisa iliyopita, na hadi leo hakuna aliyefanikiwa kumweleza hivyo. Kazi yake pale stesheni ya Tabora ilikuwa kutembea kando ya mabehewa na kinyundo, akigonga magurudumu na kusikiliza. Gurudumu likilia vizuri, ni zima. Likitoa mlio mzito, lina ufa. Ni kazi ya heshima, sikatai. Lakini mtu huyu aliondoka na nyundo akiamini kwamba dunia nzima ni gurudumu. Anagonga matikiti sokoni, anagonga matangi ya maji ya watu, na mwaka jana nilimwona kwa macho yangu akigonga goti la mgonjwa.

Mkewe, Koleta, ana friza sebuleni, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, chenye nyuzi ndefu zinazoning'inia hadi nyuma. Oktoba hii aliijaza migebuka, samaki aliotumiwa na dada yake kwa treni kutoka Kigoma kwa ajili ya sherehe ya kipaimara cha mjukuu wao, Advera. Mara ya mwisho wakwe wa Urambo walikula maharage kwake, wakamsema mpaka habari zikafika Kigwa, upande wa pili wa Tabora. Safari hii aliapa hawatapata la kusema.

Jumatatu feni ya nyuma ya friza ikaanza kukwaruza. Koleta alitaka kumwita fundi wa mafriji, Leodgar akaona ametukanwa. Alileta nyundo, akagonga friza pande zote huku sikio lake likiwa kwenye bati, kisha akatangaza kwamba mwili ni mzima ila feni ina ufa, na isitoshe haina kazi yoyote. Akakata waya wake. Kelele zikaisha. Wiki nzima alituita majirani tukasikilize ukimya, nasi kwa ujinga wetu tukaenda, tukainama, tukampongeza. Mimi nilikwenda mara mbili.

Bila feni ya kuipooza, mota ilichemka ikawa inajizima yenyewe. Hakuna aliyejua, kwa sababu mtaalamu alikataza mfuniko usifunguliwe, baridi isije ikatoka.

Jumamosi, mkesha wa sherehe, wakwe wakiwa wameshaketi, Koleta alifungua. Harufu ikatufikia sote. Hakulia. Alivuta friza, akachuchumaa nyuma yake, akakuta uzi wa kitambaa chake umejiviringisha kwenye feni. Aliuchomoa kwa sindano ya kufumia, akaisukuma feni kwa kidole, ikazunguka kimya. Leodgar akaanza kulaumu umeme.

Koleta alimweka mgebuka mmoja kwenye sahani, akampelekea mumewe mbele ya wageni, na nyundo kando yake.

"Baba Vedasto, mgonge na huyu," alisema taratibu. "Tuambie kama ni mzima."

Jumapili wakwe walikula maharage, na wakamsema Koleta tena. Leodgar aliomba aongezwe.