Nani Alivuta Hendibreki?

Juzi fundi aliinuka kutoka nyuma ya gari yangu hapa nyumbani Milimani, akapangusa mikono kwa tambara, akaniuliza swali dogo: "Mama, nani alivuta hendibreki?" Ni gari niliyokaa nayo miaka mingi. Ilikuwa imenyeshewa siku tatu mfululizo, na asubuhi hiyo ikakataa kutoka. Fundi hakuuliza kwa ubaya. Ila nilibaki nimeshika kikombe changu cha chai kama mjinga, maana swali hilo nililisikia mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, na siku hiyo pia sikulijibu.

Wakati huo tulikaa mtaa wa Nyalenda, karibu na ziwa. Baba alikuwa karani, na katika ploti yetu nzima, nyumba za kupanga za ua mmoja, ni yeye tu aliyekuwa na gari, pikapu kuukuu iliyopakwa rangi mara nyingi hadi hakuna aliyejua ilianza na ipi. Kila Jumamosi tuliipeleka ziwani kuoga. Sisemi kuoshwa, nasema kuoga, kwa sababu iliingia majini yenyewe hadi magurudumu yakafunikwa nusu, na vijana wakaisugua kwa sabuni ya unga. Sisi tulikaa kwenye vibanda vya akina mama wa samaki tukila ngege, samaki wa ziwa letu, wa kukaanga na ugali wa moto. Moshi wa kuni ulituchoma macho, redio za vibanda zilishindana kwa kelele, na Baba alilamba vidole huku akiitazama gari yake kama bwana harusi. Yawa, nilikuwa na raha mimi.

Gari ikitoka majini ilikuwa na sheria moja tu: haivutwi hendibreki, ile breki ya mkono. Baba alinieleza kwamba breki zikifungwa na maji ndani, zinashika kutu na kukamatana na chuma. Kwa hivyo tukifika nyumbani, uani palipokuwa na mteremko, kazi yangu ilikuwa kuruka chini na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Lilikuwa jiwe langu, bapa upande mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Jumamosi moja tulirudi nikalikosa. Jirani alikuwa amelichukua kwenda kuinjika sufuria ya mahindi na maharagwe, na lilikuwa jikoni kwake limeshapata moto. Baba alikanyaga breki akinisubiri, halafu mvua ikaanza. Badala ya kumwambia jiwe halipo, nikamwambia aingie ndani na samaki wa Mama, nitamalizia mimi. Akazima injini, akaiacha kwenye gia iishikilie kidogo, akakimbilia ndani. Nikapanda kitini, nikavuta hendibreki kwa mikono miwili hadi ikalia krrr. Nilijiona mjanja sana.

Sasa sikiliza. Nyanya yetu alikaa kijijini, kupita Kisian, ndani kabisa kutoka lami. Jicho lake moja lilikuwa limeshakufa, na la pili lilikuwa na presha ya macho iliyokuwa ikiliua polepole. Muuguzi wa zahanati ya kwao alimwambia Baba waziwazi: madaktari wa macho wanakuja hospitali ya mjini Jumatatu, siku hiyo moja tu, na saa sita wanafunga. Jicho likiwahiwa litaokolewa. Baba akaomba ruhusa kazini ili aende alfajiri kumchukua mama yake na kumleta.

Alfajiri ya Jumatatu nilitoka kwenda chooni, nikaona kwa dirisha la gari ule mkono wa hendibreki uko juu. Nilikuwa nimeusahau tangu Jumamosi. Nikafungua mlango polepole, nikaushusha, nikarudi ndani nikiamini nimeshatengeneza.

Baba akawasha. Injini ikanguruma vizuri, akaingiza gia, gari ikachuchumaa nyuma na kuzima. Akarudia, ikazima tena. Akasema ni klachi, akafungua boneti. Mama alitoka na chai kwenye chupa akamsihi aiache hiyo gari, apande matatu. Baba akasema, "Dakika kumi tu."

Dakika kumi hizo zilifika saa nne. Alikaza nyaya, akasafisha plagi, akaita majirani wakasukuma. Gurudumu la nyuma la kushoto liliburutwa bila kuzunguka, likachimba mfereji kwenye tope. Mimi nilisimama pale na sare ya shule, nikijua. Baba hakuwa mkali, angekuwa mkali labda ningesema. Alikuwa ananiamini, na hiyo ndiyo ilinifunga mdomo.

Jirani mwingine, fundi wa magari, alirudi nyumbani kuchukua spana aliyoisahau. Aliangalia ule mfereji, wala boneti hakuigusa. Akapiga jeki, akajaribu magurudumu kwa mkono. La kulia likazunguka, la kushoto likagoma. "Nani alivuta hendibreki?" akauliza.

"Hapana," Baba akasema. "Kwangu gari ya maji haivutwi. Huyu binti yangu ndiye mlinzi wa jiwe." Akaniwekea mkono kichwani. Nikaangalia viatu vyangu.

Fundi alichukua nyundo, akagonga drami, lile bakuli la chuma linalofunika breki, kwa kuzunguka, ko, ko, ko, hadi kitu ndani kikalia kama mfupa unaovunjika, na gurudumu likaachia. Kazi yote haikumaliza hata dakika kumi. Ningesema alfajiri, Baba angekuwa Kisian kabla jua halijachomoza.

Walifika hospitali saa saba na nusu. Madaktari walikuwa wanafunga masanduku yao. Waliporudi tena, miezi mingi baadaye, walimulika lile jicho na kusema pole.

Nyanya aliishi miaka mingi gizani, na hakuuliza hata siku moja kwa nini tulichelewa. Alijisifu kwa majirani zake kwamba mwanawe alikuja kumchukua kwa gari yake mwenyewe. Kila likizo nilikaa kwake nikimchagulia mchele, nikimpaka mafuta miguuni, nikimwelezea ziwa lina rangi gani leo. Alipenda kuishika mikono yangu na kuibinyabinya. "Mikono yako ina nguvu, mwanangu," aliniambia.

Siku hizi pale tulipokuwa tunaogesha gari pamewekwa uzio, na vibanda vya samaki vilibomolewa. Ploti yetu imekuwa ghorofa. Nyanya tulimzika, halafu Mama, halafu Baba, na jiwe langu sijui liliishia jiko gani. Miaka yote nilikuwa nikijiambia Krismasi hii nitamwambia Baba, halafu Krismasi ikifika namkatia nyama nzuri nanyamaza. Sasa hakuna wa kumwambia.

"Mama?" fundi aliniita. "Nauliza tu, nani aliivuta?"

"Ni mimi," nikamwambia. "Ni mimi nilivuta. Jiwe halikuwepo."

Aliniangalia kidogo, kwa sababu nilikuwa nalia. Akasema si kitu, Mama, watu wengi husahau, akainama akachukua nyundo.