Karanga za Kusaga

Kwetu karanga nzuri huuzwa nzima, na zilizoota ukungu husagwa. Zikishasagwa, nani atajua? Baba alipenda sombe, kisamvu cha kwetu, yenye karanga, na mimi ndiye niliyemsagia, kwanza Kivu Kusini, kisha hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, miaka nenda miaka rudi.

Alipokufa kwa saratani ya ini, ndugu zangu walikuwa wameshampata mkosaji: jirani yetu, mjane Mrundi, aliyewahi kumletea baba bakuli la maharagwe.

"Kikulacho ki nguoni mwako," baba mdogo alisema matangani. "Ule mama alimuwekea sumu. Kesho tunamufukuza."

Nilikasirika. Mimi ndiye niliyempeleka baba hospitali ya Mbarara. Wao hawakufika hata Rwekubo, hapa karibu. Huko daktari mmoja, mtoto wa askari aliyekulia kambi ya jeshi ya Makenke, alinieleza kwa Kiswahili bila haraka. Ukungu wa karanga na mahindi una sumu. Ini likijaribu kuisafisha, huigeuza ikawa kali zaidi, ikanata kwenye DNA, yale maelekezo yaliyo ndani ya kila chembe ya mwili. Chembe ikijigawa, inayanakili yakiwa na makosa. Kosa likiangukia pale panapoiamuru ikome kujigawa, haikomi tena. Hawezi kuapa kwamba baba aliugua kwa karanga tu, alisema, maana alikuwa pia na homa ya ini ya siku nyingi. Lakini saratani ile haikuletwa na bakuli moja la maharagwe.

Basi niliingia ndani, nikaburuta gunia la karanga za kusaga, nikalimwaga mkekani mbele yao. Nyingine zilikuwa nyeusi, nyingine zina vumbi la kijani.

"Sumu yenye munatafuta ni hii," nikasema. "Na mwenye alikuwa anamusagia ni miye. Munifukuze miye kwanza."

"Nyamaza, mutoto," baba mdogo alisema. "Unajichafua bure."

Sikunyamaza. Niliyarudia maneno yote ya daktari, na nilikuwa nalia, sikujali. Shangazi akavuta beseni, akaanza kuziokota karanga moja moja.

"Na hii njaa tuko nayo, utamwaga chakula?"

Nilimpokonya beseni, nikazoa zilizobaki, nikazimwaga zote chooni, wote wakitazama. Kisha nikaenda kwa jirani, nikamshika mkono, nikamketisha mkekani pale pale, karibu yangu.