Kiti cha Champaben

Elieshi alikuwa amekwishaupita mlango ule mara mbili bila kuuona, kwa sababu mbele yake yalining'inia madera ya jirani. Mara ya tatu aliyasogeza kwa kiwiko, kompyuta ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa, akajikuta kwenye chumba chembamba chenye meza moja ndefu, watu watatu na kiti kitupu. Miaka kumi na mmoja alikuwa akizunguka nchi za watu. Mtaa huu wa Mchafukoge hakuwahi kuukanyaga.

"Namtafuta fundi Swaumu," alisema, akaketi.

"Inuka," walisema wote watatu.

Kiti kilikuwa cha Champaben, mama mwenye fremu hiyo ya biashara, aliyekuwa amepanda ghorofa ya nne kula. Akiwa anakula, simu hapokei wala mlango hafungui. Hapo chini kila kitu kilipita kwake: soketi, nafasi mezani, ufunguo wa stoo. Hakuna mpangaji aliyejichukulia kitu mwenyewe. Unamwomba, anakupa, na ukishapewa huingiliwi mpaka umalize umrudishie yeye, mkononi. Sheria hiyo ilikuja baada ya simu ya mteja kupotea stoo na ufunguo kukutwa umepita mikono mitano.

Swaumu alimsogezea mgeni ndoo iliyopinduliwa. "Imefanyaje?"

"Imeganda. Mshale hausogei."

"Leo nitakutibu kwa maneno kwanza. Nina usaili saa nane."

Swaumu alijifunza ufundi akiuza viatu vya mitumba na baba yake, mzee Abdulswamad, kule Mchikichini, kwa kufungua kompyuta mbovu ambazo wenyewe waliziacha kibandani wakiahidi kuzirudia na hawakurudi. Miaka kumi na miwili sasa, na dawa yake ilikuwa moja: zima, subiri, washa. Ikikataa, futa vyote, weka mfumo mpya. Wateja walishukuru. Lakini mwezi wa tatu, katika ofisi moja ya Posta iliyotafuta fundi wa kudumu, waliketi watu wanne wakamuuliza: kompyuta ikiganda, ndani kunakuwa kumetokea nini? Akajibu, "Inakuwa imechoka." Mmoja alicheka mpaka akatoka nje kumalizia. Leo walikuwa wamemwita tena, na walimwambia ni mara ya mwisho.

"Niulize hilo swali," alimwambia Elieshi.

"Ndani kunakuwa kumetokea nini?"

Swaumu alifumba macho. "Mfumo endeshi ni programu inayosimamia rasilimali za kompyuta na kuratibu michakato."

"Sijaelewa."

"Hata mimi," alisema Swaumu. "Nimekariri tu."

"Angalau safari hii haijachoka," alisema Sophia, mchapishaji wa kadi za harusi, kutoka upande wa pili wa meza.

Saa saba kasorobo Swaumu alisimama kuchukua vyeti vyake stoo. Ufunguo alikuwa nao Mzee Harilal, fundi saa, ameuweka mfuko wa shati.

"Mzee, naomba ufunguo."

"Sijamaliza. Saa ya mteja lazima irudi stoo nikishaifunga. Na siwezi kuifunga bila taa. Taa inataka soketi."

Soketi ilikuwa imebaki moja, nyingine iliungua juzi. Mashine ya Sophia ilikuwa imeing'ang'ania.

"Sophia, chomoa."

"Nichomoe kadi ikiwa nusu tumboni? Karatasi zimeniishia. Nipe karatasi nimalize, nachomoa."

"Karatasi ziko wapi?"

"Stoo."

Wote walimtazama Harilal. Harilal aliutazama mfuko wake.

Elieshi, aliyejivunia lugha zake, alimwomba mzee kwa Kigujarati cha heshima kilichookotwa safarini. Harilal alimsikiliza mpaka mwisho. "Sema Kiswahili tu, baba," alisema. "Nitakuelewa."

Zikapita dakika kumi. Mkono wa Swaumu ukaenda wenyewe kwenye swichi kubwa ya ukutani.

"Zima," alisema Harilal. "Ukizima, ufunguo utatoka mfukoni kwangu?"

Mkono ukabaki hewani. Swaumu alimtazama mzee, akamtazama Sophia, akatazama kompyuta ya mgeni pale mezani, ile iliyoganda.

"Hakuna aliyechoka hapa," alisema polepole.

"Mimi nimechoka," alisema Sophia.

"Wewe una soketi, unangoja karatasi. Mzee ana ufunguo, anangoja soketi. Kila mtu ameshika cha mwenzake na haachii. Mimi niko nyuma yenu nakufa bila kosa." Aliigusa kompyuta ya Elieshi. "Humu nako ni hivihivi. Programu zote ni wapangaji. Hazishiki kitu mpaka ziombe. Yule anayeombwa, anayegawa, ndiye mfumo endeshi."

"Na yuko juu anakula," alisema Elieshi.

Swaumu alivuta pumzi, akakiendea kiti cha Champaben, akakikalia. Sophia alishika mdomo.

"Sophia, chomoa."

"Kadi itaharibika."

"Moja. Inakufa moja, tuliobaki tunaendelea."

Labda ni kile kiti. Sophia alichomoa, kadi ikatoka na bwana harusi bila bibi. Harilal aliwasha taa, akafunga saa yake kwa dakika tatu, akairudisha stoo, akaleta ufunguo kitini. Swaumu alitoka stoo na bahasha ya vyeti kwapani na bunda la karatasi la Sophia, akamnyooshea Elieshi ufunguo.

"Kaa, kaka."

"Si mliniinua?"

"Kikibaki kitupu tutaganda tena. Ya kwako nikirudi nitaitazama, nijue nani kamshika nani. Siizimi."

Nje alirukia bodaboda. "Posta," alimwambia dereva, "na usiniongeleshe, nisije nikalisahau jibu," na madera yakafunga njia nyuma yake.

Elieshi aliketi. Hazikupita sekunde nyingi.

"Kaka, naomba soketi," alisema Sophia.

"Nina saa ya pili," alisema Harilal. "Taa haizimwi."

Elieshi aliugeuza ufunguo kiganjani. "Dakika tano za mzee," alisema mwishowe, "halafu tano zako, halafu mzee tena."

Harilal alinung'unika jambo kwa Kigujarati, jambo refu, na safari hii Elieshi alishukuru kwamba hakulielewa lote.