Abiria Asiye na Uzito

Kisa hiki sikuambiwa na mtu. Nilikuwepo, na mdogo wangu Stella alikuwepo, na ukimkuta leo atakueleza vilevile. Ndiyo, ni Sumbawanga. Najua unachofikiria ukisikia jina hilo. Mimi nilizaliwa huku, nikakua nikizicheka hadithi hizo za uchawi. Sasa sicheki.

Baba na mama walifariki nikiwa kidato cha pili. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, niliacha shule nikaosha magari ya watu, mwishowe nikapata gari dogo chakavu la kubebea abiria wa vijijini. Nilijiapiza jambo moja tu: Stella atasoma mpaka mwisho.

Shokapu za mbele za gari hilo, zile zinazolizuia lisidundedunde, zilikuwa zimekufa, na nilijua. Nikikanyaga breki, pua inainama kama inataka kunusa barabara. Tairi zinalika vipande vipande, hapa kipara, pale bado kuna meno. Shokapu ya kushoto ilikuwa inavuja mafuta mpaka imeota koti la vumbi. Fundi Hamisi, ambaye gereji yake iko jirani na kwangu, alinitania kila siku.

"Mshikaji, hilo gari au kitanda cha chuma? Badilisha shokapu. Na ubadilishe zote mbili, siyo moja."

"Nikishampeleka Stella shule."

Hela ya shokapu ilikuwa imekwenda kwenye godoro na tranka lake. Basi nikafanya tunachofanya madereva wengi huku: nikakata vipande vya tairi kuukuu, nikavipachika katikati ya springi. Gari likanyanyuka, ungedhani ni zima. Kazi hiyo niliifanya peke yangu, nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeniona. Shika hilo.

Tuliondoka alfajiri, mwezi wa saba, ile baridi ya Ufipa inayoingia mpaka kwenye meno. Kulipopambazuka tulikuwa tumeipita Matai, tunaelekea upande wa Mwazye, na ukungu ulikuwa mzito. Stella alikaa mbele pembeni yangu, kajifunga shuka.

"Kaka, uji wote umenipanda kooni."

"Vumilia. Ukiwa daktari utanunua lako."

"Lenye shokapu?"

Tukacheka. Ndipo mzee mmoja akatokea kwenye ukungu, mkono juu, kavaa ovaroli la bluu lenye madoa ya grisi. Kwa baridi ile, wewe ungemwacha? Nikasimama. Akafungua mlango wa nyuma, akakaa.

Nisikilize vizuri hapa. Gari lililokufa shokapu humwambia dereva uzito wa kila anayepanda. Mtoto akipanda, unamsikia. Hata mfuko wa mahindi ukitupwa kwenye buti, unausikia. Mzee yule alipanda, akakaa, akafunga mlango, na gari halikutikisika hata kidogo.

"Shikamoo, mzee," Stella akasema.

"Raba ya kushoto umeikata fupi, mwanangu," mzee aliniambia mimi.

Nikamtazama kwenye kioo. "Raba gani, mzee?"

"Ya kwenye springi. Raba inanyanyua gari, lakini hailishiki. Simama kabla ya kona."

Nikasimama. Alishuka, akaja mbele, akaweka kiganja juu ya boneti, akakandamiza mara moja na kuachia. Gari zima ukilifanyia hivyo hupanda mara moja, likatulia. Letu lilipanda, likashuka, likapanda, likashuka. Halikutulia.

"Langu lilikuwa hivi hivi," alisema, akitazama bondeni.

Boneti ikapanda tena, ikamficha. Iliposhuka, hakuwepo. Niamini. Mbele yetu palikuwa na ukungu mtupu, na gari bado linadunda. Stella alikuwa ameng'ang'ania mkono wangu.

Niliingiza gia ya kwanza, nikaenda taratibu kama mtu wa miguu. Kwenye kona, barabara ilikuwa imejikunja kama bati. Nikasikia kishindo, raba ya kushoto ikachomoka, pua ikazama, gari likateleza lenyewe kuelekea ukingoni. Lilisimama tairi likiwa hatua mbili kutoka bondeni. Kona hiyo nilikuwa naikata mbio kila wiki. Fikiria mwenyewe tungekuwa wapi.

Tulikwenda taratibu vile vile mpaka Stella akafika shule. Kesho yake fundi Hamisi alifungua shokapu zote mbili. Ile ya kushoto aliikandamiza kwa kiganja ili aone kama itarudi. Ilizama, ikabaki humo humo. Siku hiyo hakunitania. Alinifungia mpya pande zote mbili kwa mkopo, akatupa raba zangu zilizobaki.

Sasa gari langu ukilikandamiza linatulia mara moja. Lakini kila nikipita kona ile bila abiria, upande wa nyuma unazama polepole, kama mtu amepanda. Tukishaimaliza kona, unanyanyuka. Sigeuki. Nashusha mwendo, nasema shikamoo, naendelea. Stella yeye hadi leo hakai siti ya nyuma.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kabla hujawapakia watoto wako, toka nje ukandamize boneti. Gari likidunda zaidi ya mara moja, usiondoke, na usinidanganye kwa raba. Na ikitokea umempakia mtu na gari halikutikisika, usimuulize anakwenda wapi. Simama pale atakapokuambia.