Bomba Nililomfungia Mama Elisante

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kama vile karatasi ya bili ya maji ningali nimeishika. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, nakaa peke yangu katika nyumba ndogo hapa Kariakoo. Mume wangu alifanya kazi ya reli, wakamhamishia Tabora. Aliniambia nisubiri apate nyumba, kisha ataniita. Nikasubiri. Barua zikawa zinakuja, halafu zikaanza kuchelewa.

Nyumba ile ilikuwa na bomba uani, na wakati huo si kila mtu alikuwa nalo. Wengi walipanga foleni na madebe yao kwenye bomba la mtaa. Jirani yangu, Mama Elisante, alikuwa Mchaga kutoka Kilimanjaro. Mumewe aliuza vitunguu sokoni. Mwanawe wa kwanza alimwacha kwa bibi yake huko mlimani, na hapa mjini hakuwa na ndugu. Nikamwambia achote kwangu. Kila asubuhi alijaza madebe mawili, kisha akaketi tukazungumza. Mimi nilimfundisha kukuna nazi, yeye akanipikia ndizi za kwao. Siku nyingine, yeye ndiye mtu pekee aliyesikia sauti yangu tangu asubuhi hadi jioni.

Basi ikaja bili ya maji. Nilizoea kulipa shilingi tatu. Safari hii iliandikwa kumi na tisa. Niliketi kizingitini nikaisoma tena na tena. Nilijawa na hofu, na katika hofu ile nikatafuta wa kumlaumu. Aliyekuwa karibu yangu alikuwa mmoja tu.

Kesho yake alipoingia, alinikuta nimesimama mbele ya bomba.

"Mama Elisante, maji yangu unawauzia watu?"

Alicheka kwanza, akidhani namtania. Alipouona uso wangu, akaacha.

"Dada, nachota madebe mawili. Wewe mwenyewe unaniona."

"Nakuona nikiwepo. Nikienda sokoni je?"

Alikuwa na mimba ya miezi saba. Aliinama taratibu, akaokota madebe yake matupu, akatoka. Siku hiyohiyo nikamwita seremala anitengenezee kisanduku cha kufunika bomba, nikakitia kufuli.

Uani pakawa kimya. Kila asubuhi nilimwona kupitia dirishani akirudi kutoka bomba la mtaa, debe kichwani, mkono kiunoni. Mara mbili nilisimama nimwite. Mara mbili nikaketi. Nilikula peke yangu, nikisikia kijiko kinavyogonga sahani.

Mwezi ukaisha, bili ya pili ikaja: shilingi ishirini na mbili. Na maji sasa nilichota mimi tu! Hapo ndipo nilipomwita fundi bomba, Mzee Salehe. Aliitikia shikamoo yangu, akaenda moja kwa moja kwenye mita, pale karibu na mlango wa mbele.

"Bomba umelifunga?"

"Nimelifunga, na kufuli juu."

"Basi njoo utazame."

Sindano ya mita ilikuwa inazunguka. Alichimba kando ya ukuta wa bafu, akakuta bomba limeliwa na kutu, maji yanaingia mchangani. Ukuta ule niliuona umelowa siku nyingi. Nikadhani ni mvua.

"Hicho kisanduku ulimfungia nani?" akauliza. Nikamweleza. Akaweka spana yake chini. "Binti yangu, mita iko hapa mlangoni kwako. Hatua chache hizi zilikushinda, ila kumwita jirani mwizi ukaweza?"

Bili zote mbili nilizilipa kwa kuuza bangili zangu za fedha. Bangili sikuzililia.

Alasiri ile nilikwenda kwa Mama Elisante. Nilimweleza yote, nikamwomba radhi, nikamsihi kesho aje achote. Alinisikiliza akiwa ameshika mlango.

"Nimekusamehe, dada," alisema. "Lakini kule nimeshazoea."

Kisha akaufunga mlango polepole, bila hasira. Heri angenitukana.

Nilikivunja kile kisanduku, lakini hakuja. Wiki chache baadaye nikasikia mtoto mchanga analia ng'ambo ya ukuta. Wanawake wa mtaa waliingia na uji na kanga, wakacheka, wakambembeleza. Mimi sikuitwa. Nilishona kishati nikakipeleka kwa mkono wa mtu. Likarudi neno la asante, basi. Mume wangu aliponiita Tabora, mimi na Mama Elisante tulikuwa tumebaki watu wa kusalimiana njiani tu. Sikumwona tena.

Kwa hiyo, mwanangu, bili ikikushtua, funga mabomba yote ya nyumbani, kisha ukatazame mita. Ikizunguka, tafuta fundi. Fanya hivyo kabla hujalitaja jina la mtu yeyote, maana bomba la kutu fundi alilibadilisha kwa nusu siku, lakini neno nililomwambia jirani halikurudi. Na kama umeshamkosea mtu, nenda leo. Mimi nilichelewa mwezi mzima, na msamaha nikapewa, ila mtu wangu sikumpata tena.

Mwenyezi Mungu akupe subira ya kutazama kabla ya kusema, na asikukoseshe mtu wa kukubishia hodi asubuhi. Amina.