Kiti cha Chumba cha Mtihani

Chuo cha uchawi, kama taasisi yoyote inayojiheshimu, kina bajeti ya kila kitu isipokuwa kile kinachohitajika. Wanafunzi wakijifunza kumgeuza mtu, sharti awepo mtu, na mtu huyo ni mgane mmoja mrefu wanayemwita Mzee Geuka. Amewahi kuwa mbuzi, birika, pazia na, kwa kosa la mwanafunzi mwenye haraka, nusu mbuzi nusu pazia. Halalamiki. Akirudi nyumbani hukuta kikombe pale pale alipokiacha asubuhi, na hilo humsumbua kuliko pembe.

Kazi yake ina hatari moja tu. Aliyegeuzwa lazima arudishwe kabla jua halijazama, la sivyo uchawi hukolea na habadiliki tena. Mtangulizi wake sasa ni kabati la faili. Inasemekana utendaji wake umeboreka.

Ijumaa moja, kwenye mtihani, msichana mmoja alimgeuza kiti. Kiti safi cha mbao, kisichoyumba. Watahini wakapiga makofi, wakampa alama zake, wakatoka wote kwenda kumpongeza kwa chai. Kiti kikabaki. Hakuna aliyeuliza mzee yuko wapi, maana hata akiwa mzee huwa hawaulizi.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka mama mfagizi alipoingia, akafunga mlango na kujitupa kwenye kiti.

"Uwii, miguu hii itaniua!" Akavua viatu. "Na kiti kina joto! Nani alikuwa amekaa hapa, mgonjwa?"

Tangu mke wa Mzee Geuka afariki, hakuna mtu aliyemwegemea. Mzee angeweza kulia kidogo, maana viti hulia, na yule mama angeshtuka aite watu. Hakulia. Alijiambia muda bado upo.

Mfagizi akatoa simu, lakini hakupiga. Alikuwa anafanya mazoezi.

"Haloo, mwanangu. Nimekukumbuka tu." Akatikisa kichwa. "Hapana, hiyo kama naomba." Akakaza sauti: "Wewe kijana! Umesahau kama una mama?" Akacheka peke yake. "Huyo atakata." Akajaribu nyingine, ya uchangamfu, ya mama asiye na shida yoyote duniani, lakini hakuimaliza. Akaweka simu mapajani akalia, taratibu, kama mtu aliye na hakika kwamba hasikiki.

Mwanga ulikuwa umebaki ukanda mwembamba juu ukutani. Mzee alihisi miguu yake, yote minne, inaanza kuwa mbao kwelikweli. Halikumtisha sana hilo. Angebaki hapa, na mama huyu angekuja kila jioni kumwegemea. Kilichomshinda ni mtu kulia hivyo bila hata wa kumpa pole. Akajikamua kwa nguvu zote aitamke. Ikatoka kwiii.

Mfagizi akaruka. Akakitazama kiti, akakumbuka anafanya kazi wapi.

"Toba! Kuna mtu humu!"

Akakimbia peku hadi kwenye chai, akamburuta mtahini mmoja ambaye bado alikuwa anatafuna, na Mzee Geuka akarudishiwa mwili wake jua likiwa limebaki kama kipande cha ukucha.

"Pole, mama," alisema. Ndiyo kwanza neno lilikuwa limefika.

Mfagizi alimkazia macho. "Mzee, upo hapa tangu lini?"

"Tangu viatu."

"Kwa hiyo ulisikia."

"Nilikuwa kiti, mama."

"Nimekuuliza, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na mimi nikakuegemea kabisa!" Akaokota viatu vyake, akatoka bila kuvivaa.

Siku hizi mama humwamkia mzee kwa mbali, kwa heshima zote, kama anavyomwamkia mkuu wa chuo. Jioni hupumzika barazani, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kabla ya kukaa huigonga kwa kidole na kuuliza, "Kuna mtu?" Mzee Geuka, akipita kwenda kwake, hupunguza mwendo. Ndoo haijibu. Mama hukaa.