Herufi Nane

Mwanangu alikuwa na siku tisa, nami niko ndani kwangu Ipagala sijatimiza arobaini, dada yangu aliponipigia kutoka Kondoa. Baba hali chakula tena, akasema, na tangu alfajiri anauliza jambo moja tu: lini atamwona huyo mtoto aliyepewa jina lake.

"Mpigie kwa video sasa hivi. Usingoje kesho."

Simu yangu kubwa ilikuwa imetumbukia kwenye beseni la nepi juzi yake. Nilibaki na kitochi cha kuongelea tu, na kompyuta mpakato ya kazini. Mume wangu alikuwa Makutupora kwenye mavuno ya zabibu. Nikamvisha mtoto kofia yake nzuri, nikamlaza pembeni, nikafungua kompyuta. Waifai ilikuwepo, nikaliona jina lake pale, lakini kompyuta ikang'ang'ania kwamba haiwezi kujiunga.

Nikaizima, nikaiwasha. Nikachomoa kisanduku cha waifai, nikahesabu hadi thelathini, nikachomeka. Wapi! Nikampigia mwenzangu wa ofisini, yule anayejifanya anajua kila kitu.

"Ingia kwenye settings, i-forget hiyo network, halafu connect upya," akasema, utadhani ananielekeza duka la jirani.

Nikaisahaulisha. Sasa ikadai neno la siri.

Neno hilo hatukulijua, mimi wala mume wangu. Kisanduku kilifungwa tukiwa kazini, baba amekuja kututembelea, na yeye ndiye aliyekaa na fundi. Tuliporudi alichukua simu zetu na kompyuta, akaingiza mwenyewe huku ametugeuzia mgongo, anacheka peke yake. Alisema siku tukilitaka tutamwuliza. Hatukuwahi kumwuliza.

Nikapiga Kondoa. Dada akamwekea simu sikioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, lile neno la siri la waifai ni lipi?"

"Marahaba."

Nikadhani hajasikia. Nikapaza sauti, nikauliza tena. Alivuta pumzi, nikaisikia inavyokwaruza.

"Marahaba, mwanangu. Nimeshakujibu."

Mimi nina hasira za karibu, na ugonjwa wake ulikuwa umenifanya niwe mkali zaidi. "Baba, huelewi," nikamwambia. "Hebu mpe dada simu." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Dada nikamwambia amwache apumzike, mzee ameshachanganyikiwa.

Nikaendelea kubahatisha: jina la mama, jina la kijiji, jina la ng'ombe wake mwenye pembe moja. Ningeweza kugonga kwa jirani nikaazima simu. Ubishi haukuniruhusu, nilitaka kuishinda ile mashine. Kabla ya adhuhuri kitochi kikalia, na dada hajatamka neno nikasikia watu wanalia nyuma yake. Walimzika jioni hiyohiyo. Mtoto alikuwa bado amevaa kofia.

Wiki iliyofuata mume wangu alimleta yule fundi. Hakufungua hata mkoba wake. Alitupa pole, akakaa, akauliza kama kweli mzee hakutuambia.

"Nilimwambia achague neno, lisipungue herufi nane," akasema. "Akahesabu kwa vidole, akafurahi mno. Akaniambia andika marahaba. Alisema wanawe wana haraka siku hizi, wakipiga simu wanaanza na shida zao. Kwa neno hili lazima mtu akumbuke kuamkia kwanza."

Niliandika, mtoto yuko mapajani. Kompyuta ikaunganika papo hapo. Zikaanza kuingia taarifa za simu za video ambazo dada alinipigia asubuhi ile, akijaribu upande wake, moja baada ya nyingine. Nililia mpaka fundi akatoka kwenda kusimama uani.

Sijalibadilisha. Mgeni akiniuliza neno la siri namwambia marahaba, naye hucheka, husema mbona hajaniamkia. Namwambia aandike hivyohivyo, herufi ndogo zote. Mimi nilimwamkia baba, nikamwuliza, akanijibu. Nami nikamwambia haelewi.